Bei Iliyokatwa

Thunder Bay, mji ambao hata jina lake
linaishia na bei.
Januari, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
na mimi nimepiga magoti na kalamu nyekundu
mbele ya jakuzi la watu sita
nikiandika 16,999
ili nipate kitu cha kukata.

Ndiyo kazi yangu dukani kwa Reino Kallio:
kuzaa namba na kuiua papo hapo.
Hiyo ya juu hakuna aliyewahi kuilipa.
Chini yake naandika 9,999, tarakimu nene,
na Reino, mikono mfukoni, anawaghania wateja:

    Bei yake ya zamani, tazama nimeikata,
    Ukisita mlangoni, mwingine ataikuta,
    Theluji i uwanjani, na mgongo unateta,
    Mwisho wake Jumapili, kesho bei itapita.

Jumapili hiyo, mwaka wa tisa sasa, haijafika.

Nisimwonee. Daftari nalishika mimi.
Kiwandani, 5,800. Lori la kulivusha mpakani, 640.
Winchi ya kulipitisha juu ya paa la mtu,
maana watu hununua kwanza, geti hupima baadaye.
Gesi ya kupasha ukumbi huu, ambamo majakuzi saba
yanatokota kutwa bila mtu ndani.
Kamisheni ya Delphine. Na pampu, ambayo hungoja
mwezi wa kumi na moja wa dhamana ya mwaka, ndipo ife.
Ukitoa yote hayo, faida ipo.
Hainenepeshi mtu. Ipo.

Alhamisi alikuja Gordon Trask, mhandisi wa mgodi,
na karatasi za bei za maduka matatu ya Winnipeg.
Alikaa saa mbili. Mara nne aliinuka kuondoka.
Akatoka na 8,300, kifuniko bure, ngazi bure,
na dawa ya maji ya mwaka mzima.

Ijumaa, Impi Saarela, muuguzi mstaafu,
mgongo umepinda kwa kugeuza wagonjwa.
Alisoma kibandiko mara moja, akafungua mkoba.
Kwao kubishania bei
ni kumwita mtu mwongo usoni.
9,999. Na kifuniko juu. Na ngazi juu.
Jakuzi lile lile, kijivu kile kile.

Risiti mbili zimelala droo moja
na ni mimi tu nijuaye zinavyotazamana.

Nikamwambia Reino: tuandike bei moja,
9,200, kwa mwenye mdomo na asiye na mdomo.
Akacheka, akakubali.
Wiki tatu watu waliingia, wakachovya vidole, wakauliza,
"Punguzo liko wapi?"
Bei ya kweli ilisimama pale
kama mtu aliyekuja harusini na nguo za kazi.
Hatukuuza hata ngazi.
Wiki ya nne nilichukua kalamu nyekundu
bila kuambiwa.

Kizuri chajiuza, walisema.
Hawakuwahi kuuza jakuzi.

Machi nilikwenda kwa Impi kukagua kichujio.
Alikuwa majini mpaka shingoni, barafu kwenye nyusi,
mvuke ukimfuta na kumrudisha.
"Niliokoa elfu saba," akaniambia,
"na usiku nalala."
La pili lilikuwa kweli.
Nikayatazama maji.
Nikasema kichujio kimechoka.

Tangu siku hiyo, mara nne kwa mwaka,
nampelekea kipya na sichukui senti.
Daftarini naandika: kimefika kimepasuka.
Dola arobaini na tano kila kimoja.
Tofauti yake na Trask, pamoja na ngazi na kifuniko
na dawa, ni 2,880.
Nimepiga hesabu: miaka kumi na sita watakuwa sawa.

Impi ana sabini na tisa.

Nimeanza kumpelekea viwili viwili.